Tezo ya Mama Mutua na Filamu ya Mumewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la sufu nililorudi nalo kutoka ng'ambo, ingawa jua la Nairobi lilikuwa linachoma, maana nilitaka wajue nimetoka wapi. Nilikuwa na diploma ya uhariri wa filamu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, wenye diploma hiyo hapa nchini ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Baba yangu alikuwa mpaka rangi wa mabehewa ya reli. Sikuwa na mjomba serikalini. Nafasi ya masomo niliitafuta mwenyewe, na nauli niliipata kwa kufuma sweta za watoto.

Mkuu wa Kitengo cha Filamu alinitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Wewe ndiye mhariri?"

"Ni mimi, bwana."

"Nilidhani tunaletewa mwanamume. Haya. Hapa chai hunywewa saa nne."

"Hata mimi huinywa saa nne, bwana. Ni nani huipika?"

Hakucheka. Lakini chai sikuipika siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Vijana wa leo mnahariri kwa kubonyeza. Sisi tulihariri kwa mkasi. Picha ilikuwa kwenye mkanda wake na sauti kwenye mkanda wake mwingine, na kazi ya mhariri ilikuwa kuioanisha mikanda hiyo juu ya meza, mdomo ukifunguka neno litoke, nyundo ikigonga mlio usikike. Mahali unapokata mkanda na kuuunga tena paliitwa kiungo. Kiungo kibaya huruka: mtu alikuwa ameketi, mara amesimama, na mtazamaji anashtuka bila kujua kwa nini. Viungo vyangu havikuruka. Kule ng'ambo mwalimu wangu alikuwa akiwaita wenzangu waje kuvitazama.

Nilianzia kwenye filamu za habari chini ya Msimamizi wa Habari, mzee aliyesinzia mchana na kuniachia kila kitu. Baadaye nikahamishiwa filamu za maisha ya watu, chini ya Mkuu mwenyewe. Huyo hakujua hata upande wa mkanda unaobandikwa gundi. Hata hivyo, kila filamu ilipoisha na majina yakapanda, penye neno "Mhariri" palikuwa na jina lake. Nilipouliza, alinijibu, "Bi. Nekesa, dereva husifiwa kwa gari la tajiri?"

Wakati huo nilikuwa nimenunua nyumba Umoja, mtaa ungali mpya, kila mtu akiongeza chumba uani. Nyuma ya nyumba yangu waliishi Bwana Nzioka na mkewe, Mama Mutua, watu wa Ukambani. Nzioka alikuwa mchonga vinyago, na jina lake lilikuwa limeanza kuvuma. Sura za watu alizouza hazikufanana na zile za kuuzia watalii. Kulikuwa na bibi mmoja wa mti wa muhuhu, amebeba kuni, ambaye ukimtazama shingo yako mwenyewe inauma.

Mkuu akaamua tumtengenezee filamu ya maisha yake. Mpiga picha alimpiga Nzioka picha mbele ya nyumba, amevaa shati la kitenge, akichonga kwa tezo, lile shoka dogo lenye bapa lililogeuzwa kama jembe. Sauti ya siku ile iliharibiwa na watoto wa mtaa. Kwa hiyo mnasa sauti alirudi asubuhi nyingine peke yake, akasikia tezo inalia uani, akainasa kupitia ua wa mabati bila kumsumbua mwenyewe.

Niliiweka sauti ile mezani pamoja na picha za Nzioka. Haikukaa. Niliisogeza mbele, nikairudisha nyuma, ikakataa. Nzioka kwenye picha alikuwa anapiga kama mtu anayepasua kuni, pigo baada ya pigo. Kwenye sauti, tezo ilipiga mapigo mepesi ya haraka, ikanyamaza kidogo, kisha likaja pigo moja zito. Ule unyamavu ni wakati mchongaji anaugeuza mti kwa nyayo zake. Nzioka hakuwa anaugeuza mti kabisa.

Mdundo ule niliujua. Niliusikia kila Jumamosi asubuhi nikianika nguo. Na Jumamosi hizo hizo nilikuwa nikimwona Nzioka kituoni na mkoba wake, anakwenda mjini kwa wenye maduka ya vinyago.

Jumamosi iliyofuata nilipiga hodi uani kwao. Mama Mutua alitupa gunia haraka juu ya kilichokuwa miguuni pake.

"Usifunike, mama," nikamwambia. "Nimekusikia kwenye mkanda."

Aliitazama tezo mkononi mwake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. Kisha akacheka kidogo. "Mwalimu wako huko Ulaya alikufundisha masikio pia?"

Akanieleza akiendelea kuchonga. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, akamfundisha yeye kwa siri, kwa sababu kwao wanaume ndio wachongao. Mwanamke hupiga msasa na kung'arisha kinyago kwa rangi ya viatu. Katika ushirika wa wachongaji, walioandikwa ni wanaume watupu. Alipoolewa, vinyago vyake vilitoka nyumbani mkononi mwa mume, na huko nje vikawa vya mume.

"Na wewe unataka watu wajue?"

"Watu?" Akapuliza vumbi la mti. "Watu wana shughuli zao. Nataka mama yangu ajue. Bado yuko hai. Kila nikienda nyumbani ananiambia, 'Syombua, mshukuru Mungu, umepata mume fundi kama marehemu baba yako.' Nami naitikia, 'Ndiyo, mama.' Nimechoka kuitikia."

Nilimwahidi kwamba mama yake angemwona. Mkuu alikuwa safarini. Nikamleta mpiga picha, na kwa kuwa ua ulikuwa mwembamba, alipiga picha ya mikono tu, karibu sana, na bangili ya shaba kwenye kifundo. Mwishoni alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mabati, na Syombua akainua uso, akacheka. Nilipoiweka ile picha mezani pamoja na ile sauti, zilishikana kama ufunguo na kufuli. Nikaunga: mikono, mikono, kisha uso. Sijawahi kuunga vizuri kuliko vile, nami nimeunga mikanda mingi mizuri.

Mkuu aliporudi, alimwalika Nzioka waitazame pamoja. Uso ulipotokea, Mkuu alisimamisha mashine.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anachonga, bwana," nikasema. "Ndiye anayechonga."

Nzioka hakukasirika. Alitabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto. "Mke wangu hunisaidia. Hata jembe humsaidia mkulima, dada. Umewahi kuona jembe likiandikwa jina?"

"Basi chukua tezo uchonge hapa tukuone."

"Bi. Nekesa!" Mkuu akapiga meza. "Wageni wameshaalikwa. Filamu ni ya Bwana Nzioka. Toa uso. Mikono ibaki, ni mizuri. Mikono haina mwenyewe."

"Mkasi ule pale," nikamwambia. "Kata wewe."

Akakata. Alikata kama anayekata mkia wa ng'ombe, akaondoa uso na kila mahali palipoonekana bangili, akabandika kwa gundi, akatupa vipande kwenye kikapu cha takataka zinazochomwa. Kisha akaamuru maelezo yaseme hivi juu ya ile mikono: "Hii ndiyo mikono ya fundi Nzioka."

Filamu ilionyeshwa kwanza Jumamosi moja mchana katika ukumbi wa mtaa, madirisha yamefunikwa kwa blanketi. Syombua alikuwa amemleta mama yake kutoka Ukambani, bibi mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani. Nilikuwa nimemwambia Syombua yaliyotokea. Alinisikiliza, akasema tu, "Mama ameshapanda basi."

Mikono ilipotokea kwenye kitambaa cha kuonyeshea filamu, kijana mmoja nyuma alipaza sauti, "Cheki! Hiyo si mikono ya buda! Hiyo ni ya mathe wa Mutua!"

Watu wakacheka kusikia mikono ya Nzioka ikiitwa ya mkewe. Nzioka, kwenye kiti cha mbele, akacheka kuliko wote, akageuka akampungia. Na yule bibi akamshika binti yake goti, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Unasikia, Syombua? Anageuza mti kwa nyayo, kama baba yako hasa. Mshukuru Mungu."

"Ndiyo, mama," akasema Syombua.

Majina yakapanda. Penye neno "Mhariri," kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, palikuwa na jina langu. Mkuu alikuwa amenilipa kwa njia aliyoijua.

Mlangoni nilimsubiri Syombua. Mama yake alitangulia, akisalimiana na watu waliomsifu mkwewe.

"Jina lako nimeliona, Nekesa," Syombua akaniambia. "Limeandikwa vizuri."

"Mama, si mimi niliyekata."

"Najua." Akafunga leso yake vizuri. "Umenifikisha hadi kwenye filamu. Kichwa tu ndicho kilichobaki nje."

Baada ya filamu, hoteli moja kubwa ya mjini ikataka kinyago kirefu kuliko mtu, cha kusimama mlangoni. Nzioka akaleta gogo nyumbani kwa lori. Nilikuwa naanika nguo niliposikia wanazozana.

"Anza basi, mama watoto, wanasubiri!"

"Anza wewe. Nchi nzima imeona mikono yako."

Gogo lile lililala uani hadi mchwa wakaliingia. Nzioka akawa ananunua vinyago vya vijana na kuviuza kama vyake, mpaka wenye maduka wakamchoka. Syombua akaanza kuuza sukuma wiki langoni. Mama yake alifariki akimsifu mkwe. Tezo sikuisikia tena, Jumamosi wala siku nyingine.

Mimi nilipanda hadi nikastaafu nikiwa Mhariri Mkuu, mwanamke wa kwanza katika cheo hicho pale kitengoni, na diploma yangu iko ukutani sebuleni, kioo nakifuta mwenyewe. Vijana hunialika kuzungumza. Wanaionyesha filamu ile, wanaisifu mikono, wanasifu jinsi sauti ilivyokaa. Ni haki yao kusifu, ile ni kazi yangu. Kisha mmoja mwerevu huniuliza kwa adabu kwa nini mhariri hodari kama mimi aliacha kiungo kimoja kinachoruka.

Huwaambia wairudishe mashine nyuma, waitazame tena. Pale inaporuka ndipo Syombua alipoinua uso akacheka.