Siku Mwalimu Aliponirudishia Kuku

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilitoka kwangu Itetemia na kuku kwapani, nimejifunga khanga mpya, naitikia wito wa mwalimu wa darasa wa mjukuu wangu Kalunde.

Kalunde yuko darasa la saba. Mama yake anafanya kazi Kahama, kwa hiyo nimemlea mimi tangu hajaota meno, na sasa mdogo wake pia. Na nimemlea vizuri, usinibishie. Ugali wake hauna madonge, na mtaa mzima unanisifia.

Enzi zetu mzazi aliitwa shuleni mtoto akiharibu. Baba yangu alinifikisha mlangoni siku ya kwanza, akageuka, wala hakukanyaga tena mpaka nilipoachia darasa la nne. Basi nilienda nikijua nakwenda kusemwa. Na kwetu huendi kwa mtu mwenye jambo zito mikono mitupu, ndiyo maana nikabeba kuku.

Mwalimu mwenyewe binti mdogo. Nikaanza kupiga goti nimsalimie, akaniwahi na shikamoo. Nikaitikia marahaba nusu chini nusu juu, kuku anapiga mbawa. Nikamkabidhi. Akakataa. Eti haruhusiwi kupokea, watu watasema nimemhonga.

Mimi nihonge? Wiki hiyohiyo kikao cha wazazi kilitutaka tupeleke mahindi ya chakula cha watoto, nikapeleka, wakanishukuru mbele za watu. Mahindi ushirikiano, kuku hongo. Mpaka leo sijaelewa. Kwetu anayekataa kuku wako amekukataa wewe. Nikageuka niondoke, na moyoni nimeshasema Kalunde hatakanyaga tena pale.

Akaniita nikiwa mlangoni. "Kuku arudi, bibi. Wewe usirudi kwanza, nakuhitaji."

Nikakaa, nikasubiri kusemwa. Badala yake akaniuliza mimi: Kalunde akitoka shule huwa anafanya nini? Nikamtazama. Mwalimu ni yeye, sasa ananiuliza nini mtu niliyeishia la nne? Lakini mjukuu wangu namjua, nikamsimulia kwa maringo: maji, kuni, kupika, kumwogesha mdogo wake, vyombo. Nilitegemea pongezi. Akaniambia mtoto analala darasani kila siku, na akiendelea hivyo mtihani wa mwisho utamshinda.

"Nilidhani anaumwa," akasema. "Kumbe amechoka."

Nilitoka pale sijui nimesifiwa au nimetukanwa. Njia nzima nabishana peke yangu, waendesha bodaboda wananiangalia. Msichana asiyejua kazi ataendeshaje nyumba? Na akifeli, si ataishia kwenye moshi wa jikoni kama mimi? Yote mawili niliyaona ya kweli, kichwa kikaniuma.

Jioni Kalunde akachukua ndoo kama kawaida. Nikamnyang'anya.

"Bibi, kwani nimekosa nini?"

Nikamwambia akasome, nikaenda kisimani mwenyewe, magoti yanalia. Tangu hapo maji nateka mimi, na vyombo naosha mimi. Jirani mmoja ananicheka, anasema nimegeuka mfanyakazi wa mjukuu wangu. Na mimi siku nyingine, kiuno kikikaza, naona kama anasema kweli. Mtihani bado haujafika, na sijui kama atafaulu. Ninachojua, mwalimu kaniambia halali tena darasani.

Kwa hiyo wewe mwenye watoto wadogo, sikia. Ukiitwa shuleni nenda, hata kama hujui kusoma. Wakikuambia neno la kukuudhi, usikimbilie mlango kama mimi. Mwalimu hajui kwako kunapikwa saa ngapi na nani anapika, mpaka umwambie. Mwambie ukweli, hata kama ukweli huo utakurudia mwenyewe. Na ukitoka hujaelewa, kesho rudi uulize tena, usione haya.

Mungu akupe miguu ya kufika huko, mwanangu, na mdomo wa kusema ukishafika. Wanao wakue, wakuzidi, na uwe hai uwaone.