Mguu wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda, unyayo ukitazama ndani. Alitembea kwa kuchechemea, na safari ya kutoka kwetu Mabawa hadi kanisani nilimbeba mgongoni. Sisi ni Wabondei wa upande wa Muheza. Baba alifanya kazi reli, ndiyo maana tukakaa mjini Tanga, katikati ya majirani Waislamu. Jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mzee tuliyemwita Bibi, alimkanda mguu ule kila jioni kwa mafuta ya nazi huku akimsomea dua, na mama alitazama pembeni kana kwamba hasikii.

Miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza walipofika wageni wa misheni kutoka Uingereza. Waligawa nguo na maziwa ya unga, wakaimba nasi, wakapiga picha. Mmoja wao alikuwa muuguzi, mama wa makamo, uso umemwiva kwa jua. Alimwona mdogo wangu akishuka ngazi za kanisa kwa makalio, akalia palepale mbele za watu. Kesho yake akaja nyumbani na padre.

"Anasema mguu huu unanyooka," padre akatutafsiria. "Kwao wapo madaktari. Atamchukua mtoto, na atamrudisha mzima."

"Lini?" mama akauliza.

"Akipona."

Baba alisema tutawajibu. Walipoondoka, nyumba ikajaa watu. Wakristo wenzetu walisema haya ndiyo majibu ya maombi, na kukataa ni kumfungia Mungu mlango. Bibi alikaa mkekani, akampakata mdogo wangu.

"Msaada haukataliwi, mwanangu," akamwambia mama. "Lakini mtoto si ungo, useme jirani kaazima."

Tangu mtoto azaliwe mama alikuwa akimwomba Mungu aunyooshe mguu ule, na sasa Mungu alikuwa amejibu, naye analiogopa jibu. Nilimsikia akimwuliza baba kama kuogopa ni dhambi. Baba alisema hajui.

Tukamwachia aende. Meli ilikuwa imetia nanga mbali, abiria wakapelekwa kwa mashua. Mdogo wangu alivalishwa sweta la sufu, na lile jua la Tanga, naye anacheka tu kwa kuwa alikuwa na peremende mdomoni. Alinipungia mkono. Nadhani alifikiri atarudi jioni.

Baada ya hapo habari zake zilitujia kwa kinywa cha padre. Amepasuliwa, anaendelea vizuri. Inabidi apasuliwe tena. Ameanza shule, anakaa kwa watu wema. Kila mara padre alituambia tushukuru, nasi tukashukuru. Mimi nikamaliza shule ya kati, nikaanza kufundisha watoto wadogo, na bado hajarudi.

Aliporudi alikuwa msichana mrefu mwenye viatu vya ngozi. Alishuka kwenye mashua bila kushikwa, akapanda ngazi za gati wima kama mtu yeyote. Mama alipiga kigelegele hadi wapagazi wakageuka. Akamkimbilia, akamkumbatia, akamwuliza kama amekula. Mdogo wangu akatabasamu kwa adabu, kisha akanigeukia mimi.

"Anasemaje?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka, na Kibondei pia. Nikasimama kati ya mama na mwanawe, nikatafsiri habari ya chakula.

Bibi alikuja kumwona siku ileile. Tulikuwa tumemfundisha aseme shikamoo, akaisema kombokombo, na Bibi akaitikia marahaba huku machozi yakimtoka. Kisha akaomba auone mguu. Akaushika, akaugeuzageuza, akaukanda kidogo kwa mazoea.

"Wallahi, kazi nzuri," akasema. "Kazi nzuri sana."

Jumapili ikafanyika misa ya shukrani. Yule muuguzi, aliyemrudisha mwenyewe kama alivyoahidi, alikaa kiti cha mbele. Mama akaitwa atoe ushuhuda. Akasimama, akaivuta kanga yake begani.

"Nashukuru kwa mguu," akasema.

Watu wakangoja. Padre naye akangoja. Nilidhani anatafuta maneno, kumbe amemaliza. Akaketi. Muuguzi aliniuliza amesema nini, nikamwambia anashukuru. Akaenda kumkumbatia, wakalia wote wawili, na mpaka leo sijui kama walikuwa wakililia kitu kimoja.

Mdogo wangu hakutuzoea. Padre akamtafutia nafasi shule ya bweni ya misheni, na wakati wa likizo alikuja kwetu kama mgeni, akiomba ruhusa hata ya kunywa maji. Kiswahili kilimrudia kidogo kidogo, Kibondei hakikurudi. Alipokuwa mtu mzima alivuka tena bahari, akaolewa hukohuko.

Mama hakuacha kumwombea. Nilimwuliza siku moja, tukiwa uani, humwombea nini, maana mguu ulishapona.

"Namwambia Mungu kwamba yeye anajua," akasema.

"Anajua nini, mama?"

"Kwamba mimi nilimwomba mguu tu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.