Ukuta wa Bati Uliouma

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua huko Silanga, mtaani kwetu, mwanangu. Nilikuwa bado msichana mbichi, nimeolewa miaka michache tu, najiona najua kila kitu.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na chumba cha mabati. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikijenga kiwe stoo, mimi nikakigeuza kuwa mahali pa kushonea nguo. Kilikuwa na madirisha yanayotazama upande wa bwawa. Ndani tulipigilia mbao nyembamba juu ya bati ili joto la mchana lisitumalize. Cherehani yangu ilikuwa ya stima, na waya wake ulipita kati ya bati na zile mbao, ukatokea chini ya dirisha. Binti yangu Zuhura, aliyekuwa hajaanza hata chekechea, alizoea kulala kwenye godoro kando ya ukuta huo huku nikishona.

Shida yetu ilikuwa madirisha. Mvua ikija na upepo wa bwawani, maji yaliteremka kwenye fremu yakamwagikia vitambaa vya watu. Niliweka matambara, nikaweka sufuria, wapi! Mwishowe nikamwita Otieno, fundi wa madirisha kutoka mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Alikuja na silikoni, ile gundi ya kuzuia maji, akapaka kuzunguka kila fremu, juu, kando na chini, ndani na nje, akaniachia madirisha meupe kama keki ya harusi.

"Mathe, hapa maji haiingii tena," akasema, akiniita mama kama vijana wa mjini. "Ikiingia, niite."

Kweli, mvua iliyofuata haikumwaga tone ndani. Nilimsifu Otieno kwa kila mteja.

Sasa hiyo asubuhi, Haboba alikuja kunitembelea. Sisi Wanubi nyanya tunamwita Haboba, na huyu alikuwa mama yake baba yangu. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Alipoketi tu akamwona Zuhura amelala chini katikati ya chumba, juu ya simiti baridi, na godoro liko tupu pale ukutani.

"Mbona mtoto analala kwa simiti na godoro iko?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, Zuhura akafumbua macho. "Ukuta unauma, Haboba."

Nilitabasamu nikaendelea na mshono wangu. Maneno ya watoto. Haboba hakutabasamu.

"Unauma vipi, mama?"

"Kama siafu. Siafu wengi wengi."

Mwanangu, yule bibi alikuwa na magoti mabovu, kuinuka kwake ilikuwa kazi ya watu wawili. Siku hiyo aliinuka kama msichana, akaelekea mlangoni kwenye swichi kubwa ya stima. Kabla hajaifikia, tukasikia sauti nje. Haikuwa mayowe. Ilikuwa kama ya mtu aliyekwamwa na tonge kooni. Haboba akaiangusha swichi, cherehani ikanyamaza mikononi mwangu.

Tulitoka mbio. Jirani yetu Mama Njeri alikuwa chali kwenye matope, miguu mitupu, beseni lake la nguo limepinduka. Waya wa kuanikia nguo ulikuwa umefungwa kwenye msumari wa bati letu, na yeye alikuwa ameushika. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayaoni. Nilimwita, hakuitika. Nilisimama tu na kitambaa cha watu mkononi, kinywa wazi.

Haboba ndiye aliyepiga magoti matopeni. Alimgeuza ubavu, akampiga mgongoni kwa kiganja. "Mama Njeri! Wewe! Rudi hapa! Watoto wako wanakuja lunch!"

Mama Njeri akavuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo, akatapika, akaanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Tulimpeleka zahanati amebebwa kwa blanketi. Alipona, ila kwa muda mrefu vidole vyake vilikataa kukunja ngumi.

Nilimwita Otieno, akafika mchana huo huo. Swichi ikiwa bado chini, aling'oa mbao chini ya dirisha. Maji meusi yakamwagika yakatufunika nyayo. Waya wangu wa cherehani ulikuwa umelala mle ndani, ganda lake limekatwa na ukingo wa bati, shaba inang'aa. Otieno akakaa kwenye maji hayo, akashika kichwa.

"Mathe, stima ilikuwa kwa mabati yote," alisema kwa sauti ndogo. "Ukuta wote. Na mtoto alikuwa analala hapa?"

Kumbe maji hayakuwa yanaingilia kwenye fremu. Yaliteremka na mikunjo ya bati, yakapenya juu ya dirisha, juu zaidi ya ile silikoni, mahali ambapo hapakuwa na kifuniko. Tulipoziba chini tuliyanyima njia ya kutokea, yakajaa ukutani kimya kimya.

Nilimgeukia Zuhura. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuambia. Ukasema nisikusumbue ukishona."

Haboba alitutazama mimi na Otieno, matope bado yako kwenye nguo yake. "Nyinyi mnapenda kitu kikinyamaza," alisema. "Maji imenyamaza, mnafurahi. Mtoto amenyamaza, mnafurahi. Hakuna hata mmoja ameuliza imeenda wapi."

Otieno alirudi na bati lililokunjwa, akalichomeka chini ya bati la juu, likafunika kichwa cha kila dirisha. Kando akaziba. Chini akaacha matundu, maji yakikosea njia yatoke. Fundi wa stima akapitisha waya mpya ndani ya paipu, mbali na madirisha, na waya wa nguo tukaufunga kwenye nguzo ya mbao.

Basi nisikilize. Nyumba yako ikivuja, usikimbilie kuziba pale unapoona maji. Simama mvua ikinyesha, uangalie juu, ujue yanakoingilia. Ukiona ukuta wa bati una maji na kuna waya karibu, zima stima kwanza, mengine baadaye. Na mtoto akikuambia jambo la ajabu, weka kazi chini umuulize, "Vipi?" Nguo ya mteja itashonwa kesho.

Mwenyezi Mungu akupe paa lisilokudhuru, majirani wa kukuinua ukianguka, na masikio ya kuwasikia walio wadogo kuliko wewe. Nenda salama, mwanangu.