Siku Dagaa wa Bangwe Waliponuka Mpira

Siku dagaa wa Bangwe waliponuka mpira, mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua sababu, na wa mwisho kuisema. Naikumbuka siku ile kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na mama yako asinisikie.

Nakuambia haya kwa sababu ya jana alasiri. Wewe na wenzako mlikuwa pale njia panda mnachoma tairi kwa pikipiki zenu, moshi mtaa mzima, nami nikatoka na bakora yangu. Mlizima pikipiki haraka mkaniamkia kwa woga. Sikuja kuwagombeza. Nilikuwa naangalia mkono wako wa kushoto. Unaachia klachi yote kwa mpigo mmoja, ndiyo maana inakuzimikia. Iachie taratibu, mafuta umeshavuta, na breki ya mbele usiilegeze hata kidogo. Unacheka? Cheka tu. Hapa Rusimbi, kabla wewe hujazaliwa, watu walioweza kulizungusha tairi la nyuma huku pikipiki imesimama palepale walikuwa wawili, mimi na fundi Hamisi.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Maboti yalikuja kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya Kongo, watu wameshonana ndani, wengine wameshika sufuria tu mkononi. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, tarishi wa ofisi moja iliyoshughulika na wageni hao. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua mjini, Bangwe na kambini, njia ya Kasulu, na kwa kazi hiyo nilipewa pikipiki nyekundu. Wakati ule pikipiki zilikuwa za kuhesabika. Nilikuwa naweza kupita mtaani kwetu mara tatu kwa kwenda kununua kiberiti kimoja.

Hamisi, rafiki yangu fundi, aliwahi kukaa Dar es Salaam akaona vijana wa huko wakichoma tairi. Akanifundisha. Wiki ya kwanza nilianguka kila siku. Kovu hili la mguuni, ambalo ulipokuwa mdogo nilikuambia ni la mamba, ni la ekzosi. Nisamehe kwa hilo pia.

Shida yetu ilikuwa mahali. Barabara nyingi zilikuwa vumbi, na vumbi halichomi tairi, linachimbika tu. Lami ilikuwa mjini, na mjini kulikuwa na askari. Tukakumbuka sakafu ya Bangwe. Palikuwa na ghala la zamani ufukweni, mbali kidogo na nyumba za watu, kuta zimeshabomolewa, imebaki sakafu ya saruji, pana na laini, yenye madoa meusi ya lami tangu enzi za ghala lenyewe. Juu ya sakafu hiyo akina mama walianika dagaa, kwa kuwa dagaa wa kwenye saruji hawana mchanga, na wanunuzi waliwapenda.

Sasa, unajua mwenyewe kuwa siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, maana taa zao hazina kazi mwezi ukiwaka. Siku hizo sakafu hukaa tupu. Basi mbalamwezi ile mimi na Hamisi tuliifanya sakafu yetu. Kila alasiri nikitoka kazini tulikuwa pale. Niliiweka pikipiki upande wa kona iliyo karibu na njia, nikamwagia maji kidogo chini ya tairi, gia ya kwanza, breki ya mbele, makalio juu, mafuta. Siku tairi lilipokubali kuzunguka na moshi ukapanda mpaka ukanificha, nililia kwa furaha. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alidhani pikipiki imekwama, akaweka kapu lake chini aje kunisukuma. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tulipoondoka hatukuangalia nyuma tumeacha nini.

Mwezi ukaisha, maboti yakarudi ziwani, akina mama wakafagia sakafu yao wakaanika. Jua la Bangwe unalijua. Siku iliyofuata mama yangu alinunua dagaa, akawaunga kwa nyanya na mawese, tukakaa kula mchana.

"Hawa dagaa wana nini?" mama akauliza. "Kama wamechomewa mpira."

Harufu ile niliijua, ndiyo iliyokuwa kwenye shati langu wiki nzima. Mpira ulibaki kwenye saruji ile, usitofautike na madoa ya lami, jua likaulainisha, dagaa wakaunywa. Unajua nilifanya nini? Nilikula sahani nzima. Nikasema, "Mbona watamu tu, mama." Nilikula kwa woga, nikaongezwa, nikala tena.

Jioni habari ilikuwa imeenea. Wanunuzi walikuwa wamerudisha dagaa wa kona moja tu ya sakafu, kona iliyo karibu na njia. Na kona ile ilikuwa ya Mama Odeta.

Mama Odeta alikuwa mkimbizi, mjane kutoka Rumonge. Usiku wa kukimbia kwao, binti yake Odeta alipotelea kwenye msukosuko, lakini kabla hawajatengana walikuwa wamekubaliana kitu kimoja: atakayewahi kuvuka amsubiri mwenzake Bangwe, pale wanapoanika dagaa, kwa kuwa marehemu baba yake Odeta alikuwa akileta mzigo pale zamani. Kwa hiyo mama yule hakutaka kwenda kambini. Kila boti lililotia nanga, aliacha dagaa akaenda kuangalia nyuso. Ofisi yetu ilikuwa ikimruhusu mkimbizi kukaa mjini ikiwa ana mwenyeji wa kumdhamini, na yeye alidhaminiwa na Bi Tausi, mkubwa wa waanikaji wote, mwanamke wa Ujiji ambaye hata wenye maboti walimwogopa. Bi Tausi ndiye aliyempa ile kona.

Wakimbizi wengi wakati ule waliwashia moto vipande vya mpira, kuni zilikuwa taabu. Basi ikasemwa kwamba Mama Odeta alikuwa na haraka, akakausha dagaa juu ya moto wa mpira. Nilikuwepo, nimepeleka barua, nikayasikia kwa masikio yangu.

"Oya, hapana, si mimi," alikuwa akisema. "Mana yanje, Mungu wangu, si mimi! Nimeanika juani kama nyinyi."

"Sasa mpira umetoka wapi? Umeshuka na mvua?" mmoja akamjibu. "Wanunuzi wakituhama, tutakula wapi?"

Bi Tausi alikuwa amekaa kimya, amejifunika ushungi. Nilitegemea aseme neno. Hakusema. Nami nilisimama hatua kumi kutoka pale, nimeegemea pikipiki yangu, na jibu la swali lao lilikuwa tairini. Nikawasha nikaondoka.

Siku ya kwanza nilijiambia yataisha yenyewe. Siku ya pili nilijiambia nikisema nitanyang'anywa pikipiki, na nikinyang'anywa pikipiki nitakuwa nani? Hamisi naye akanishauri ninyamaze. Nililala, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku ya tatu asubuhi Bwana Lyimo, mkuu wetu, mtu wa Moshi, mpole lakini asiyependa uzembe, alinipa barua ya kupeleka kambini. Haikuwa imefungwa. Nikaisoma: mwanamke mmoja, mwenyeji wake amejitoa, anakuja na lori la leo, apokelewe. Jina lililoandikwa pale kwa mashine lilikuwa la Mama Odeta. Nikaiweka kifuani nikapanda pikipiki.

Nilipofika Kidahwe, kwenye njia ya kambini, nililikuta lori lenyewe limesimama pembeni, injini imechemka, dereva anatafuta maji. Mama Odeta alikuwa amekaa chini kivulini mwa lori, mkeka wake na sufuria yake kando. Nikataka kupita. Akaniona, akanipungia mkono.

"Mwakeye, mwanangu," akanisalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nakujua, unapita Bangwe kila siku na hiyo pikipiki yako. Nina ombi." Akasimama, akanishika mkono. "Ukimwona msichana mgeni, mrefu, ana kovu hapa kidevuni, anaitwa Odeta. Mwambie mama yake amesubiri. Mwambie sikuondoka kwa kupenda, niko kambini, anifuate. Utamwambia?"

Nilisema nitamwambia. Alinishukuru, "Urakoze, mwanangu, urakoze cane," akanishukuru mimi, tena mara mbili. Nikageuza pikipiki palepale. Dereva akaniuliza kama nimesahau kitu, nikamwomba asiondoke mpaka nirudi, akanionyesha injini inavyotoa mvuke, akasema kwani ataenda wapi.

Nilirudi Bangwe na tairi lile lililokwisha, linateleza kwenye kila kona, nikamkuta Bi Tausi sakafuni anageuza dagaa. Nikampigia goti. Nikamwambia yote, mbalamwezi, Hamisi, moshi, kona. Alinisikiliza bila kuacha kugeuza dagaa.

"Umelijua lini?" akaniuliza.

"Juzi mchana. Nilipokula."

"Na juzi usiku ulilala?"

"Nililala."

"Na jana?"

Hapo ndipo aliponitazama.

"Tairi ni utoto," akasema. "Hata mwanangu angefanya hivyo ningemchapa nikacheka. Lakini siku tatu umemwangalia mwanamke mgeni anatukanwa kwa jambo lako, unakwenda kwenu, unalala. Hilo si utoto. Hilo usipoliacha leo utazeeka nalo." Kisha akashusha sauti. "Na mimi nimenyamaza pamoja nawe. Nilimjua si mwongo, nikawaogopa wenzangu, nikajitoa kumdhamini. Inuka. Nipandishe hiyo pikipiki yako."

Hebu jichoree picha hiyo: Bi Tausi wa Ujiji, na baibui lake, amekaa kwa upande nyuma ya pikipiki, amenishika kiuno kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kandambili zake zisianguke. Watu walitoka majumbani. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Ofisini nilisema tena yote, mbele ya Bwana Lyimo. Alitoka nje, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma. Lilikuwa laini kama sahani. Nami wiki mbili nilikuwa nimemwambia kwamba ni mawe ya njia ya Kasulu yanayokula matairi. Hakupandisha sauti. Alirudi ndani, akaandika barua nyingine ya kumrudisha Mama Odeta mjini, Bi Tausi akatia dole gumba, kisha akaniambia, "Kamlete. Ukirudi, ufunguo juu ya meza."

Nilimleta. Njiani nilimwambia Mama Odeta ukweli, nikiwa nimempa mgongo, maana usoni nisingeweza. Naye akasema, "Kumbe ndiyo maana uligeuza." Basi. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kuomba.

Kesho yake nilikuwa sakafuni kwa magoti, na jiwe, majivu na maji, nasugua ile kona, akina mama wote wakinitazama. Walinitania, walinicheka, wakaniita fundi wa dagaa, jina lililonifuata miaka. Siku ya pili Hamisi akaja bila kuitwa, akapiga magoti kando yangu. Siku ya tatu Mama Odeta naye alichukua jiwe lake, akasugua upande wa pili. Wale waliomtukana walimwomba radhi, mmoja mmoja, wengine kwa maneno na wengine kwa bakuli la unga.

Pikipiki alipewa mwingine. Mimi nikawa tarishi wa miguu, wa mjini na Bangwe tu. Zamani nilikuwa napita njia ya juu, mbio, vumbi nyuma. Sasa nilipita ufukweni, taratibu, mkoba begani.

Mbalamwezi nyingine ilikuja ikaisha. Asubuhi moja napita ufukweni na barua zangu, boti limeshusha watu, msichana mmoja akajitenga na wenzake akanifuata. Miguu imevimba, nguo moja mwilini.

"Kaka," akaniuliza, "hapa Bangwe wanaanika dagaa wapi?"

Nikamtazama. Alikuwa na kovu kidevuni.

Mkoba ulinianguka, mwanangu. Sikuweza kumwonyesha kwa kidole, nilimshika mkono nikaenda naye, na njia nzima nilikuwa nikilitafuta jibu ambalo ningempa kama ningenyamaza. Mama yake alikuwa ameinama kwenye kona yake, ametugeuzia mgongo. Kilio alichokitoa alipogeuka, mpaka leo nikipita Bangwe nakisikia. Mimi nilirudi nyuma nikaenda kuokota barua zangu.

Basi sikukatazi kuchoma tairi. Najua utamu wake, na nikikukataza utakwenda kuchoma mbali nisikuone. Ninalokuomba ni mawili. Ukimaliza mchezo wako, zima, shuka, rudi uangalie pale ulipochezea: nani anakaa hapo, nani anakula hapo. Na siku ukisikia mtu anasumbuliwa kwa jambo ulilolifanya wewe, usilale nalo hata usiku mmoja. Sema siku hiyohiyo, hata ikikugharimu pikipiki, maana yule mwenzio huenda anamsubiri mtu wake palepale anapofukuzwa. Mimi niliwahi kwa bahati tu, kwa kuwa injini ya lori ilichemka. Usijenge maisha yako juu ya injini ya lori.

Haya, nenda, wenzako wanakupigia honi. Mwenyezi Mungu akulindie mifupa yako, akupe watu wema katika kila pwani utakayoshukia, mkono usio na pupa kwenye klachi, na ulimi usiochelewa kusema, "Ni mimi."