Dada Hasemi Asilolifanya

Dada yangu ameosha vifaa vya upasuaji miaka kumi na mmoja: mikasi, koleo, visu. Kwa hiyo ilipotangazwa nafasi ya kupanga vifaa mezani kwa daktari, nilimwambia, "Hiyo ni yako." Akaguna. Usaili ni kwa Kiingereza, na daktari bingwa mpya hajui Kiswahili hata cha kuombea maji.

"Si wewe mwalimu?" akasema. "Nifundishe. Nina wiki mbili."

Kumbe nimejitafutia balaa! Kila alasiri, jikoni kwake, nilimchorea sentensi kwenye daftari: kwanza mtendaji, kisha kitendo, kisha kitu kinachotendwa. Nikampa mfano wa kitabuni, "Mimi ninapiga mpira." Akaweka kalamu chini.

"Mimi sijapiga mpira tangu nizaliwe."

"Dada, ni mfano tu!"

"Basi ni mfano wa uongo."

Jamani! Hata paka anayekunywa maziwa alimkataa, eti hafugi paka. Hasira zikanipanda, nikafunga kitabu kwa kishindo. Wala hakushtuka. Alifikiri, kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, "Mimi ninaosha mikasi." Kila neno mahali pake. Kesho yake akaniletea nyingine, "Ninampa muuguzi koleo." Mpaji, mpokeaji, kitu, hakuchanganya hata kimoja.

Lakini siku ilikaribia, na sentensi zake zilibaki fupi fupi tu. Wenzake wawili walioomba nafasi hiyo hiyo walikuwa wamekariri insha nzima nzima. Nikaingiwa na woga, nikamkaririsha sentensi moja ya kumwokoa, "Mimi sikosei kamwe." Akalifunga daftari. Nikadhani amekubali.

Siku ya usaili nilikaa kwenye benchi, nje ya dirisha lililo wazi. Nikamsikia daktari akiuliza kama amewahi kukosea kazini. Sema, dada, sema ile niliyokufundisha!

Kisha nikasikia sauti yake, kwa Kiingereza, sentensi moja moja:

"Ndiyo. Sikuosha koleo moja. Nilipeleka trei. Nilikumbuka. Nilikimbia. Nilimzuia daktari."

Nikajiziba mdomo. Miaka yote hiyo hakuwahi kunisimulia. Basi, nikajisemea, kazi imekwenda, na mwenyewe ndiye aliyeitupa.

"Kuna mtu aliyekuwa ameona?" daktari akauliza.

"Hakuna aliyeona. Nilisema mwenyewe."

Kiti kikasogezwa. Daktari akasema vifaa vyake angependa vipangwe na mtu wa namna hiyo, je, anaweza kuanza Jumatatu? Dada akajibu kwamba anaweza. Nikaangua kilio pale pale kwenye benchi, mwalimu mzima, kwa furaha na kwa aibu, watu wakinipita na makaratasi yao.

Alipotoka akanishika bega, macho yamemtoka. "Mdogo wangu, nani amekufa?"

"Hakuna, dada. Nisamehe tu."

Akanipa leso yake, tukashuka ngazi tumeshikana mikono.