Aliyewahi Mnadani

Fundi wa mikoba alitaja dau lake asubuhi mapema, akidhani kuwahi kuna faida kama kwenye foleni. Kilichokuwa kikinadiwa mtandaoni ni gia inayofaa cherehani yake ya kushonea ngozi, aina ambayo haitengenezwi tena popote. Yake imevunjika, na bila gia hiyo hana kazi. Ilipobaki sekunde moja mnada ufungwe, mtu akampita dau kwa kidogo tu. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kupitwa hivyo mnadani.

“Ana mkono mwepesi huyo,” alisema.

“Si mkono, mama, ni programu ya kompyuta inayomtajia dau,” binti yake akamjibu. “Mwenyewe labda amelala zake.”

“Basi hata wa kumnunia sina.”

Akaifunika cherehani, akaanza kuwapigia wateja simu mmoja mmoja, waje wachukue ngozi zao vilevile zilivyokatwa.