Sabuni Nzuri Tu

Miaka sita Bi Dodoso alibisha hodi kwenye nyumba za watu kuuliza maoni yao kuhusu sabuni ya kampuni yake, na miaka sita watu walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, maana hata akija kukujulia hali utadhani ana fomu kwapani.

"Sabuni yetu mnaionaje?"

"Nzuri tu, dada, tunashukuru."

Nzuri tu! Nguo zimepauka kambani, kila mwenye macho anaziona, lakini sabuni nzuri tu. Ilimkera mpaka kichwa kikamgonga. Hata hivyo awalaumu vipi? Nani atamkaribisha mgeni kiti halafu amseme kwa makosa ya kiwanda?

Juzi alimfikia dobi, mama mtu mzima anayefulia mtaa mzima. Naye akaanza na nzuri tu. Bi Dodoso akaiweka kalamu chini, akakunja mikono ya gauni, akamsaidia kukamua mashuka. Kwenye shuka la tano mama akafunguka.

"Mwanangu, nisikufiche. Hiyo sabuni yenu inaniunguza. Hebu ona." Viganja vilikuwa vimechanika, vyekundu mpaka kwenye vifundo.

Bi Dodoso akatia alama penye "Siridhiki kabisa", wakapeana namba za simu, akaondoka na mgongo unaouma na moyo mweupe. Hatimaye kampuni ingesikia neno la kweli.

Sasa ofisini kuna utaratibu mmoja. Msimamizi huchomoa fomu chache na kuwapigia simu waliohojiwa. Jibu lisipolingana na fomu, basi fomu imepikwa, na aliyeipika hana kazi. Asubuhi ya pili, katika fomu arobaini, akachomoa ile moja yenye lawama. Akapiga, sauti ikasikika chumba kizima.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka kampuni ya sabuni. Mnaionaje?"

"Marahaba baba. Nzuri tu, tunashukuru. Hamjambo huko?"

Msimamizi akamgeukia Bi Dodoso, fomu mkononi. Bi Dodoso akainama juu ya simu, jasho likimtoka.

"Mama, ni mimi, niliyekamua mashuka nawe. Tafadhali mwambie bosi ukweli. Kazi yangu iko hapa!"

Mama alikuwa anapima maneno, kama mtu anayejua mwenzake yuko matatani.

"Baba," akasema kwa upole, "huyo binti ana adabu sana, usimgombeze. Na sabuni yenu ni nzuri mno. Nzuri kupita zote. Nafulia hiyo hiyo, na mikono yangu mizima kabisa."

Msimamizi akakata simu, akanyoosha mkono apewe kitambulisho. Bi Dodoso alitaka kupiga kelele, akakosa hata wa kumpigia. Akakivua shingoni, akakiweka mezani.

Hajafika mlangoni, simu yake ikaita.

"Mwanangu," dobi akanong'ona, "nimekutetea vizuri?"